Kilo za Beni, Kilo za Mwezini

Gunia la kakao la kilo 60 likitundikwa Beni, mashariki mwa Kongo, kwenye mizani ya springi, kisha likatundikwa kwenye mizani hiyo hiyo huko mwezini, mshale utasimama kwenye kilo 10. Kwenye sayari ya Mirihi utasoma kilo 23 hivi, na kwenye mawingu ya Mshtarii utapita 140. Hakuna punje iliyoongezwa wala kuibwa. Springi haihesabu kakao. Inaonyesha jinsi mahali hapo panavyolivuta gunia kwenda chini. Kwa hiyo uzito si mali ya mzigo peke yake, bali ni jambo kati ya mzigo na mahali ulipo. Mali ya mzigo ni ule wingi wa kakao yenyewe, na huo mizani ya vikombe viwili itauonyesha sawasawa popote, kwa kuwa mawe ya kupimia nayo huvutwa vilevile.

Wengi hudhani basi kwamba sayari kubwa lazima ivute kwa nguvu kubwa. Zohali inakanusha. Ina maada mara 95 ya dunia yetu, lakini juu ya mawingu yake mvutano unauzidi wa hapa kidogo tu. Sababu ni umbali: toka mawinguni hadi kitovu chake ni zaidi ya mara tisa ya nusu kipenyo cha dunia, na mvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, yaani tisa mara tisa. Unene wa Zohali unaila karibu faida yote ya wingi wake.

Mtu anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi tusiotoka duniani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya timazi kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Mvutano ulikuwa umepungua, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba kiunoni. Butembo, mji jirani wa Beni, iko karibu zaidi na ikweta, maana mstari huo unapita kusini yake kidogo, kabla ya kufika Lubero. Springi iliyorekebishwa kwenye ncha ya dunia ingelipunja gunia letu gramu 300 hivi. Je, mlima nao? Butembo iko juu ya Beni kwa zaidi ya mita 500, na ukizidi kupanda mvutano hupungua, lakini kwa gunia zima tofauti haifiki gramu 15. Mkulima akikatwa kilo mbili kati ya miji hiyo, achunguze mizani au unyevu wa kakao. Mvutano hauna hatia hapo.

Kuna wazo jingine, kwamba mwezini kazi ya mzigo ingekuwa mchezo. Kuinua, ndiyo. Lakini chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, iliyobeba kilo 300, ikishashika kasi, inahitaji nguvu ile ile kuisimamisha kama kwenye barabara tambarare ya Butembo, kwa sababu wingi wa mzigo haujapungua. Tena gurudumu lingekandamiza ardhi kidogo, hivyo msuguano wa kusaidia breki ungekuwa sehemu moja ya sita tu. Wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini kuanzia 1969 iliwabidi waanze kujisimamisha hatua kadhaa kabla.