Kabla watoto hawajapanda Land Rover yenye injini mpya, kaa kwanza wewe nyuma

Katika vijiji vingi vya Arusha na Manyara ambako lami haijafika, Land Rover ya zamani haijastaafu. Asubuhi ni gari la shamba, mchana linachukua wanafunzi, na usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, ndilo gari la wagonjwa. Kwa hiyo injini yake ya awali inapochoka, familia nyingi hazifikirii kuliuza. Zinafikiria kulibadilishia injini.

Uamuzi huo una mantiki. Land Rover 109 za Series III zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na nyingi zilitoka kiwandani na injini ya lita 2.25. Ile ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 60 na kidogo. Injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa kwenye Defender na Discovery mwaka 1994, ina lita 2.5, ina turbo na inatoa nguvu za farasi 111. Iliyoitangulia, 200Tdi, inapendwa na mafundi kwa sababu inakaa kwenye giaboksi ya zamani kwa marekebisho machache. Wapo pia wanaofunga injini za Toyota.

Matokeo yanaonekana siku ya kwanza. Gari lililokuwa likipanda mlima kwa gia ya pili linapanda kwa gia ya tatu, na baba anarudi nyumbani akitabasamu.

Mimi naandika habari za afya, kazi ya spana nawaachia mafundi. Lakini katika mazungumzo ya gereji kuna swali la afya ambalo mara nyingi halimo. Watu hupatana bei ya injini, ya giaboksi na ya ufundi. Ni nadra mtu kuuliza: wale watakaokaa nyuma watavuta hewa gani, na gari hili lenye nguvu mpya litasimama kwa breki zipi?

Moshi unaingilia wapi?

Injini mpya haiji na bomba la moshi linaloingia moja kwa moja kwenye gari la zamani. Mdomo wa turbo hauko pale ulipokuwa mdomo wa injini ya mwanzo, hivyo fundi wa kuchomelea hukata na kuunga mabomba hadi yafike nyuma. Kila kiungo ni mahali ambapo moshi unaweza kuvuja.

Kisha kuna sakafu. Sakafu ya mbele ya Land Rover hizi ni mabati yanayofunguliwa kwa bolti, na fundi huyafungua ili aifikie giaboksi. Yakirudishwa bila mpira au silikoni ya kuziba, au bolti zikarudishwa nusu, panabaki nyufa. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao hutobolewa matundu mapya ya waya na mabomba, huku ya zamani yakiachwa wazi.

Mlango wa nyuma ndio wa tatu. Gari linapotembea, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi mlangoni. Mpira wa mlango ukiwa umechakaa, au dirisha la nyuma likiwa wazi, au bomba la moshi likiishia chini ya bodi badala ya kutokeza nje, moshi unaotolewa na gari unarudi kwa abiria walewale.

Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na oksijeni inakosa nafasi.

Injini za petroli hutoa hewa hiyo kwa wingi zaidi kuliko za dizeli, kwa hiyo aliyefunga injini ya petroli awe makini maradufu. Lakini moshi wa dizeli nao una madhara yake. Una masizi na gesi zinazokera njia ya hewa, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuamsha shambulio. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Si kila kutapika ni kichefuchefu cha safari

Hapa ndipo wazazi wengi tunaweza kupitwa. Dalili za kaboni monoksaidi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na usingizi usio wa kawaida. Mtoto akiwa nazo barabarani, tunasema amechoka na safari, tunampa ndimu anuse. Zikiendelea hadi nyumbani, tunafikiria malaria.

Zipo alama za kutofautisha. Kichefuchefu cha kawaida cha safari humpata mtoto mmoja aliyezoea kukipata. Hewa ya sumu huwapata watu kadhaa kwa pamoja, hata mtu mzima ambaye hajawahi kuumwa kichwa safarini. Haileti homa. Walio nyuma huumia kuliko walio mbele. Tena dalili hupungua mkishuka, kisha hurudi mkipanda. Kama yote haya yalianza baada ya gari kubadilishwa injini, usitafute sababu mbali.

Watoto wadogo hudhurika mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi. Mtoto aliye tumboni naye yuko hatarini, kwani hewa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Hebu mfikirie mjamzito aliyelazwa kwenye godoro, sakafuni nyuma, kwa safari ya saa mbili kwenda hospitali. Yuko karibu na matundu ya sakafu, amefunikwa khanga, na kila mtu anadhani anavyolegea ni uchungu.

Mkishuku, simamisheni gari, zimeni injini na shukeni wote mpate hewa safi. Kisha tafuteni usafiri mwingine kwenda kituo cha afya, hata kama mnajisikia nafuu. Mkifika, mwambieni daktari wazi kwamba mlikuwa ndani ya gari lenye moshi. Kauli hiyo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni iko sawa wakati haiko sawa. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Tiba ya kwanza ni kupewa oksijeni.

Nguvu imeongezeka, breki je?

Land Rover 109 ilitengenezwa na breki za drami magurudumu yote manne, kwa gari lililokuwa likitembea taratibu. Injini mpya haizibadilishi breki hizo.

Hesabu yake ni rahisi. Gari likitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 110, mwendo haujaongezeka hata kwa nusu, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inakaribia kuwa mara mbili. Mkishuka mlima mrefu mkiwa na mizigo na watoto sita nyuma, drami zinapata moto na breki zinalegea. Zungumza na fundi kuhusu breki kubwa zaidi au za diski mbele, na kama hilo halijawezekana, mwendo ubaki ule wa zamani.

Kwa waliotoka injini ya petroli kwenda dizeli kuna jambo jingine. Kile kikopo kikubwa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, kama gari lako linacho, hufanya kazi kwa kunyonywa hewa, na injini ya petroli hunyonya yenyewe. Ya dizeli inahitaji pampu maalumu ya kunyonya. Uliza: pampu hiyo ipo, na imeunganishwa? Kama haipo, siku ya dharura utakanyaga kitu kigumu kama jiwe.

Uliza pia kuhusu rejeta, maana injini yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi. Waya na mipira ya mafuta isipite karibu na turbo, ambayo hupata moto mkali. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali dereva anapoufikia akiwa amekaa. Na kama injini yako ni Tdi, fahamu kwamba ya zamani ilitumia mnyororo wa taimingi, hii inatumia mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika, injini inazimika papo hapo na huharibika. Kwa injini ya mtumba usiyoijua historia yake, badilisha mkanda kabla haijafungwa, wakati ni rahisi kuufikia.

Mabenchi ya pembeni

Land Rover nyingi zina mabenchi nyuma yanayotazamana, bila mikanda. Abiria aliyekaa ubavu hana cha kumzuia gari linaposimama ghafla. Anarushwa mbele juu ya wenzake. Mtoto anayepakatwa hayuko salama zaidi, kwa sababu mikono ya mzazi haiwezi kumshika kwenye mgongano.

Kama gari sasa linakwenda kasi kuliko zamani, hilo nalo liingie kwenye bajeti: viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma imara, si kwenye bati la bodi. Viti viwili vizuri kwa watoto wawili wadogo ni mwanzo mzuri.

Kazi ikifanyikia uani

Wengine humwita fundi nyumbani. Uani kukigeuka gereji kwa wiki mbili, watoto wanakuwa karibu na hatari ambazo hawazijui.

Ya kwanza ni kunyonya mafuta kwa mdomo ili kumwaga tangi. Petroli au dizeli ikipaliwa huenda kwenye mapafu na kuleta nimonia mbaya. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwani akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali.

Ya pili ni maji ya rejeta yenye rangi. Mengi yana kemikali tamu ambayo ni sumu kali kwa figo. Usiyahifadhi kwenye chupa ya soda, na yaliyomwagika yaoshwe mara moja.

Ya tatu ni vumbi la breki na klachi za zamani, ambalo linaweza kuwa na asbestosi. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kufagiwa likiwa kavu. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Oili chafu nayo isikae kwenye ngozi; ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli.

Ya nne ni uzito. Injini ya aina hii inakaribia au kuzidi kilo 200. Ikiwa inaning'inia kwenye mnyororo, hakuna mtoto anayepita chini yake kwenda kuchukua mpira.

Kadi ya gari

Kadi ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, karatasi na gari havifanani tena, na ajali ikitokea mjadala na kampuni ya bima utaanzia hapo. Dai risiti ya injini kwa muuzaji, kisha peleka taarifa TRA zibadilishwe, na uiarifu kampuni ya bima.

Siku ya kulichukua gari

Usimalizie malipo kwa kusikiliza mlio wa injini tu. Kabla ya kukubali, fanya mambo manne.

Nenda jioni giza likiingia, injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja amulike tochi kwenye ukuta wa injini na chini ya sakafu, wewe ukiwa ndani milango imefungwa. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni njia ya moshi. Izibwe.

Angalia viungo vya bomba la moshi. Masizi meusi kuzunguka kiungo maana yake kinavuja. Hakikisha mwisho wa bomba unatokeza nje ya bodi na hauelekei mlangoni.

Jaribu breki kwenye barabara tupu, kwanza taratibu, kisha kwa mwendo wa kawaida. Gari lisivute upande.

Mwisho, mpe fundi usukani mwende mwendo mfupi bila watoto, nawe ukae nyuma kabisa, pale watakapokaa wao. Ukisikia harufu ya moshi, macho yakiwasha au kichwa kikianza kuuma, mwambie asimame, shuka, na gari lirudi gereji. Kama umeshuka ukiwa mzima kama ulivyopanda, na mengine matatu yamepita, hapo mlipe fundi fedha yake iliyobaki. Ameifanyia kazi.