Je, Wajua? Ndani ya Glasi ya Bia Kisiwani Malta

Nilikwenda Malta kuota jua, na jua likanishinda. Julai, kuta za Valletta zilizojengwa kwa mawe ya manjano hung'aa hadi macho yanauma. Nikakimbilia kichochoro chenye kivuli, nikaingia mlango mwembamba, kumbe ni baa ya bia tupu: hakuna chakula wala televisheni, ila orodha ya bia iliyoandikwa kwa chaki ubaoni. Mhudumu akaniwekea glasi mbele yangu, akatamka neno moja: "Saħħa!"

Je, wajua kwamba neno hilo ni ndugu wa "siha" yetu? Kimalta kilitokana na Kiarabu kilichokuwa kikizungumzwa Sicily katika enzi za kati, ingawa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na kimejaa maneno ya Kiitalia. Mswahili hapotei kabisa. Bahari ni baħar, dunia ni dinja, saa ni siegħa, mauti ni mewt. Kaa karibu na kaunta watu wakilipa, utasikia sitta na ħamsin, nawe huhitaji mkalimani. Saħħa yenyewe husemwa wakati wa kugonganisha glasi, na tena wakati wa kuagana.

Je, wajua kwamba bia maarufu ya Malta imebeba jina la cheki iliyotamkwa vibaya? Inaandikwa Cisk, inatamkwa "chisk". Katika karne ya 19, mfanyabiashara Giuseppe Scicluna alifungua benki na kuanza kutumia cheki, kitu ambacho wengi kisiwani hawakuwahi kukiona. Neno la Kiingereza likawakwama mdomoni, likatoka "cisk", na watu wakambandika tajiri huyo jina hilo hilo. Lilimganda. Mwaka 1929 ukoo wake ulipoanza kutengeneza bia, jina la utani la mzee likawekwa kwenye chupa. Wakenya hawatashangaa sana: Tusker nayo, wanavyosimulia, ilipewa jina kwa kumkumbuka mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, aliyeuawa na tembo mwaka 1923.

Je, wajua kwamba kisiwa hiki hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima? Bia ni maji zaidi ya asilimia 90, na zaidi ya nusu ya maji ya bomba ya Malta hutoka baharini. Husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi ikabaki nyuma.

Ubaoni kulikuwa na bia nyeusi iitwayo Fungus Rock, kutoka kiwanda kidogo cha Lord Chambray katika kisiwa jirani cha Gozo. Jina linamaanisha Mwamba wa Uyoga, na mwamba wenyewe upo kweli, umesimama baharini huko Dwejra. Juu yake huota mmea wa rangi nyekundu iliyokoza ambao Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawala wa Malta hadi 1798, waliuamini kuwa dawa ya kuzuia damu na kuhara. Waliuthamini kiasi cha kuweka walinzi, na mkusanyaji alivushwa kutoka nchi kavu ndani ya sanduku lililoning'inizwa kwenye kamba. Taabu yote hiyo, na mmea wenyewe si uyoga hata kidogo. Ni kimelea kinachofyonza mizizi ya mimea mingine. Hilo halikumzuia mtu kuliweka jina kwenye chupa, na bia ni nzuri.

Je, wajua kwamba viputo vya bia nyeusi vinaweza kushuka badala ya kupanda? Niliagiza moja iliyotiwa gesi ya nitrojeni, nikainama hadi pua ikakaribia glasi. Kwenye ukuta wa glasi, viputo vidogo kama vumbi la unga vilikuwa vinateremka, mstari kwa mstari, huku povu likizidi kunenepa juu. Nikadhani ni pombe inayonitania, na ndiyo kwanza nilikuwa sijaonja. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, walieleza siri: umbo la glasi. Kwa kuwa hutanuka kuelekea juu, viputo vinavyopanda wima huuacha ukuta na kujazana katikati. Huko huinua bia pamoja navyo, na bia iliyoinuliwa lazima irudi chini. Hurudi kwa kupitia pembeni, ikivikokota viputo vichache vilivyobaki hapo. Viputo vya nitrojeni ni vidogo, havina nguvu ya kupingana na mkondo huo. Glasi inayopanuka kuelekea chini ingekuonyesha kinyume chake, viputo vikipanda ukutani.

Nilimwomba mhudumu glasi ya namna hiyo nijaribu. Akacheka, akaniletea chombo cha maua.