Korona na damu inayoganda mishipani

Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini Kenya mnamo Machi 13, 2020, wengi huuhesabu ugonjwa huu kuwa wa mapafu tu. Lakini madaktari waligundua kwamba baadhi ya waliolazwa walizidiwa, hata wakafa, kwa sababu damu yao iliganda ndani ya mishipa.

Kwa kawaida damu huganda ili kuziba jeraha. Korona inapokuwa kali, kuta za ndani za mishipa huvimba, na damu huganda pasipo jeraha lolote. Isitoshe, mtu akilala kitandani siku nyingi, damu ya miguuni hupita polepole. Bonge likitokea mguuni laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kuziba njia ya damu.

Ndiyo maana waliolazwa hudungwa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia mabonge. Usijinunulie aspirini badala yake. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza ulionyesha mwaka 2021 kuwa haikupunguza vifo vya waliolazwa, na iliongeza visa vya kuvuja damu.

Hatari haiishi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Yaweza kuendelea kwa majuma kadhaa. Ukisharudi kwako Mwiki, usishinde kitandani. Tembeatembea kadiri ya nguvu zako. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usidhani ni uchovu. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, usingoje kesho. Kimbilia hospitali ya Ruiru au Thika, na umweleze daktari kwamba ulikuwa umelazwa.