Sultan Hamud alikuwa nani? Stori ya family iliyoachia Makueni jina la mfalme

Kama umewahi kupanda basi ya Mombasa, Sultan Hamud unaijua. Ukitoka Nairobi unapita Salama, halafu unafika hapo kabla ya Emali. Konda anaita "Sultan! Sultan!", wasee wanashuka na mizigo, safari inaendelea. Lakini ushawahi kujiuliza huyo Sultan alikuwa nani, na alikuwa anatafuta nini Ukambani?

Kwanza tuelewane: hakuwa Mkamba. Wakamba hawakuwa na mfalme. Maamuzi yalikuwa ya wazee, na mtu alipata jina kwa kazi yake. Kivoi wa Kitui, yule aliyemkaribisha mmishonari Krapf mwaka wa 1849, alivuma kwa sababu ya misafara yake ya pembe za ndovu hadi pwani, si kwa sababu alirithi taji.

Kwa kina Hamud mambo yalikuwa tofauti kabisa. Huko ukoo ndio ulikuwa kila kitu.

Mjukuu wa Sayyid Said

Hamud bin Mohammed alizaliwa 1853 katika ukoo wa Al Busaid, wenye asili yake Oman. Babu yake ni Sayyid Said, mfalme wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar, na ambaye 1837 aliwanyang'anya Wamazrui Mombasa. Kwa hivyo pembe za Kivoi zikishuka kutoka Kitui, zilikuwa zinaingia kwa soko la babu ya Hamud.

Said alifariki 1856 akiwa safarini baharini, Hamud akiwa katoto ka miaka kama mitatu. Mzee aliacha watoto zaidi ya 30, wa mama tofauti tofauti. Hapo ndipo bifu ilianza.

Uingereza, Victoria alipata kiti 1837 akiwa na miaka 18 tu, kwa sababu foleni ya kurithi ilijulikana mapema. Kwa Al Busaid, kuzaliwa wa kwanza hakukupi kiti. Mfalme akifa, ndugu wanaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni.

Hamud alikua akiona hizo vita. 1859, akiwa na miaka kama sita, ankoo wake Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake Majid. Mpango ukafeli na Barghash akatupwa Bombay. Shangazi yake Salme, aliyekuwa upande wa Barghash, baadaye alipendana na mfanyabiashara Mjerumani na 1866 akahepa Zanzibar. Huko Ujerumani aliitwa Emily Ruete, na akaandika kitabu kuhusu maisha ya ikulu.

Kiti kilizunguka kwa maankoo wanne: Majid, Barghash, Khalifa, kisha Ali. Babake Hamud, Mohammed, hakuwahi kukikalia. Hamud mwenyewe alimuoa cuzo wake Khanfora, binti ya Majid. Alikuwa karibu na kiti pande zote mbili, lakini hakuwa nacho.

Dakika 40 zilizobadilisha kila kitu

Kufikia 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na mfalme mpya alihitaji baraka zao. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultan Hamad akafariki. Cuzo wao Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia ikulu bila kungoja mtu. Waingereza walikuwa wanamtaka Hamud.

Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zikaanza kupiga ikulu. Vita viliisha kwa kama dakika 40. Upande wa Khalid, watu karibu 500 waliuawa au kuumia. Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na siku hiyo hiyo Hamud akawa Sultan. Alikuwa na miaka 43.

Kiti cha kupewa kina deni. Tarehe 6 Aprili 1897 Hamud alitia sahihi amri iliyoondoa utumwa kwenye sheria za Unguja na Pemba. Ni hatua kubwa, lakini waliolipwa fidia ni mabwana, si watumwa. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907.

Sasa Makueni inaingia wapi?

Reli ilianza Mombasa 1896, ikijengwa na maelfu ya vibarua kutoka India. Inasimuliwa kwamba 1898 Hamud alikuja kujionea ilipofika, na kambi ambayo haikuwa na jina ikapewa lake.

Sasa sikia hii. Mamlaka ya Sultan huku bara yaliishia maili 10 kutoka baharini, na hata hizo maili 10 zilikuwa chini ya Waingereza kwa kodi ya kila mwaka. Sultan Hamud iko mamia ya kilomita kutoka bahari. Yaani mji una jina la mfalme ambaye hakuwahi kuutawala hata siku moja.

Hamud alifariki 1902, akamwachia kiti mtoto wake Ali, aliyekuwa amesomea Harrow, Uingereza.

So next time konda akiita "Sultan!", usidhani huko kulikuwa na ikulu. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na hao hawakuwa na mfalme. Jina lililobaki kwa kibao ni la mgeni aliyekuja kuona reli.