Makosa ya Sarufi katika Maandishi ya Kiingereza ya Mtandaoni: Vyanzo Viwili

Makala haya yanafafanua vyanzo viwili vya makosa ya sarufi katika maandishi ya Kiingereza ya kila siku mtandaoni. Chanzo cha kwanza ni sauti. Mzawa wa lugha huandika "your" mahali pa "you're", na "could of" mahali pa "could've", kwa kuwa jozi hizo hutamkwa sawa au karibu sawa. Programu za kusahihisha tahajia mara nyingi huyapita makosa hayo, maana kila neno, likitazamwa peke yake, ni sahihi. Hata kanuni yenyewe ilibadilika: katika tamthilia za Shakespeare zilizochapwa mwaka 1623, "it's" iliweza kuonyesha umilikishi, jambo ambalo leo ni kosa.

Chanzo cha pili ni muundo wa lugha ya kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili huweza kuchanganya "he" na "she" kwa sababu kiambishi a- hakibainishi jinsia. Vilevile hudondosha "a" na "the", ambazo Kiswahili hakina, na hubabaika baina ya "in", "on" na "at", kwa kuwa kiambishi -ni, kama katika mezani na nyumbani, hubeba dhima za vihusishi hivyo vyote.

Tofauti hiyo ina uzito katika ufundishaji. Kosa la sauti hurekebishwa kwa kuandika ufupisho kwa ukamilifu wake. Kosa la muundo huhitaji ulinganishi wa lugha mbili. Mwalimu anayeyatia yote wino mwekundu bila kubainisha chanzo humwacha mwanafunzi akijiona mzembe, ilhali amefuata sarufi anayoijua vyema.