Hapana Isiyosemwa Mwaya

Anayekuja kukopa fedha Mwaya, Unyakyusa, haanzi na fedha. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizwa habari za nyumbani, za mpunga, za kakao, na kama maji ya mto yameingia shambani. Chai inanywewa. Anaaga. Mwenyeji akishamsindikiza hadi njiani ndipo mgeni anapokitaja "kijambo kidogo" kilichomleta. Mwenyeji, ambaye hana hata shilingi ya kumpa, hasemi hana. Anasema, "Tutaangalia, mwanangu." Mgeni anaondoka na matumaini, haendi kuomba kwingine, na msimu wa kupanda unampita.

Heshima ya Wanyakyusa naipenda. Napenda salamu zisizo na haraka, napenda "ndaga fijo", asante sana, inayotolewa kwa mikono miwili. Lakini kumwacha mtu asubiri kisichokuja ni kumtesa, hata kama tunafanya hivyo kwa upole.

Anayeumia zaidi kwa kutosema huku ni mkamwana. Kwa mila, mke wa kijana hamtazami baba mkwe, hupisha njia akimwona anakuja, wala halitaji jina lake. Hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo huyaacha na kutafuta mengine. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliieleza desturi hii pamoja na vijiji vya rika: wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi, wakaenda kujenga kijiji chao, na baadaye wakaoa humo humo. Baba alikaa na wa rika lake, mwana na wa rika lake. Mkamwana aliweza kumkwepa mzee bila taabu kubwa, maana mzee hakuwa mlango wa pili.

Leo vijiji vile havipo. Ardhi imebanana, nyumba ya kijana iko hatua chache kutoka kwa baba yake, na kijana mwenyewe pengine yuko Mbeya au Dar es Salaam anatafuta maisha. Mwiko umebaki, umbali uliourahisisha haupo tena. Mjamzito akianza kutokwa damu usiku, amtafute kwanza mama mkwe, mama mkwe akamwamshe mzee, kwa kuwa mzee ndiye mwenye nauli ya bodaboda. Mama mkwe akiwa msibani kijiji cha pili, je?

Watetezi wa ukimya hunijibu kwamba hiyo ndiyo mila. Ni nusu yake. Nusu nyingine imo katika vitabu vya Monica Wilson vya miaka ya 1950. Wazee waliogopa pumzi ya watu: waliamini kwamba majirani waliochukizwa na kosa wakinung'unika, pumzi yao humletea mkosaji baridi na maradhi. Kwa hiyo ndugu walipokutana kwa tambiko, mwenye hasira alitakiwa aitamke mbele ya wenzake. Kuificha moyoni kulihesabiwa kuwa hatari, na tambiko lisingefaa kitu. Si lazima uiamini pumzi hiyo ili uone akili iliyokuwamo. Watu wale wale walioshika miiko mikali ya ukwe walijua pia kwamba pawepo mahali pa kusema wazi.

Sisi mahali hapo tumepabakiza msibani. Baada ya maziko msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Hapo mikono hunyooshwa, tena ya majirani waliokuwa wakinywa naye chai kila wiki bila kugusia deni. Mjane ndiye anayeulizwa alichopaswa kuulizwa mumewe.

Nawaomba wazee wa koo za Mwaya waitishe kikao cha kusema wazi kabla hapajawa na jeneza. Na wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe mkamwana, mbele ya baba mkwe, kwa ruhusa ya baba mkwe mwenyewe.