Joka la Kufugwa Sharti Liwe na Hiari Yake

NetHack ni mchezo wa kompyuta uliotoka mara ya kwanza mwaka 1987. Umejaa vichekesho, ingawa kwa macho hauna cha kuvutia: mchezaji ni alama ya @ inayoshuka ngazi baada ya ngazi chini ya ardhi, mbwa wake ni herufi d, na joka ni D kubwa. Hata hivyo herufi hizo hupewa majina na kutunzwa. Nashikilia kwamba kinachowafanya wanyama hao wapendwe si sura, maana sura hawana, wala si nguvu zao vitani. Ni kwamba wabunifu waliwapa njaa na ukaidi, kisha wakamnyima mchezaji uwezo wa kuwaamrisha.

Mtazame mbwa. Hakuna kitufe cha kumtuma ashambulie, huenda anakotaka. Akikuta kitu kilicholaaniwa sakafuni, hukikwepa au hukikanyaga shingo upande, na mchezaji makini hujua kipi asiokote. Dukani huchukua bidhaa na kuziangusha karibu na bwana wake, na mwenye duka hadai malipo. Akitupiwa mnofu papo hapo, tabia hiyo hukomaa. Wizi huo unachekesha kwa sababu mbwa hakuagizwa.

Mambo hunoga zaidi mfugo unapokuwa dubwana. Joka jekundu likisomewa hati ya uchawi ya kufugia huweza kutulia, likatandikwa, hata likapandwa. Lakini kanuni za mchezo hazisahau lilikotoka. Utiifu una kiwango kisichozidi 20: mbwa, paka na farasi huanza na 10, joka huanza na 5. Kila mlo huongeza 1, na mnyama akiachwa ngazi nyingine hupungukiwa 1 kwa takriban kila zamu 150. Liache joka hilo zamu 1,000 bila kulilisha vya kutosha kabla, na ukirudi utalikuta si lako tena. Pengine limekuwa adui anayekutemea moto. Nambari hizo chache zinaeleza tofauti ya mbwa na joka vizuri kuliko mchoro wowote.

Wapo watakaosema mnyama wa namna hii ni kero, na mchezaji anataka msaidizi anayetegemeka. Anayetaka hivyo anatafuta silaha, na silaha zimejaa mchezoni. Pingamizi zito zaidi ni Boo, hamsta wa shujaa Minsc katika mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate wa mwaka 1998. Kikanuni Boo ni kitu tu kilichomo mkobani, hali wala hakaidi, na bado ni miongoni mwa wanyama wanaopendwa mno katika michezo ya kompyuta. Ila msikilize Minsc: kila mara anaeleza Boo anawaza nini, amekasirishwa na nani, na kwamba ni hamsta mkubwa wa angani wa aina ndogo. Waandishi walimpa kwa maneno ile hiari ambayo NetHack huitoa kwa hesabu. Njia ni mbili, hoja ni ileile.

Ndiyo maana nawasihi wabunifu waamue kwanza mnyama wao anakula nini na anakataa nini, meno na mabawa yafuate. NetHack hupatikana bure pamoja na msimbo wake. Anayetaka kujionea aanze na mbwa kabla ya kulitafuta joka.